Paxlovid, Lagevrio na Veklury: zipi bado zinashika korona ya sasa?

Kila inapotangazwa kwamba korona imepata aina mpya, swali la kwanza kwenye dirisha la kemisti huwa moja: zile dawa bado zinafanya kazi? Tathmini hii inazitazama tatu zilizomo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani, yaani Paxlovid, Lagevrio na Veklury. Inazitazama kwa jicho la mgonjwa wa Kisumu, Homa Bay, Kakamega au Nakuru, ambaye homa yake inaweza kuwa malaria na ambaye pengine tayari ana mfuko wa dawa nyingine nyumbani. Msimamo wetu tuutoe mapema. Mabadiliko ya kirusi hayajaziangusha dawa hizi. Huku kwetu zinaangushwa na siku zinazopotea kabla ya mtu kupimwa, na vidonge vingine anavyomeza bila kuvitaja kwa daktari.

Hofu ya watu ina chanzo cha kweli. Mwaka 2021 kulikuwa na dawa za kudungwa zilizotengenezwa kwa kingamwili za maabara. Kazi yao ilikuwa kushika protini ya mwiba, ile inayochomoza nje ya kirusi na kukiwezesha kung'ang'ania seli. Aina ya korona iitwayo Omicron ilipotangazwa Novemba 2021, baada ya kugunduliwa Botswana na Afrika Kusini, mwiba wake ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 30, na kingamwili nyingi zikakosa pa kushika. Marekani ilizuia REGEN-COV Januari 2022, sotrovimabu ikafuata Aprili, bebtelovimabu ikasimamishwa Novemba mwaka huo huo, na Evusheld Januari 2023. Katika muda wa mwaka mmoja kabati zima lilikuwa limekwisha. Aliyesikia habari hizo redioni, bila kuambiwa ni dawa za namna gani, alikuwa na haki ya kudhani kwamba kila dawa ya korona imeshindwa.

Dawa zetu tatu hazina haja na mwiba. Kirusi kinapoingia ndani ya seli, jeni zake zenye herufi karibu 30,000 husomwa na kutoa mnyororo mrefu wa protini zilizoungana, mfano wa doti ya leso iliyotoka dukani kabla ya kukatwa na kupindwa. Hakuna anayejifunga doti nzima. Lazima ikatwe kwanza, na kirusi kina mkasi wake wa kukatia, kimeng'enya kinachoitwa proteasi kuu. Nirmatrelviri, dawa kuu iliyo ndani ya Paxlovid, hukaa kwenye kinywa cha mkasi huo na kuuziba. Remdesiviri, iliyo ndani ya Veklury, na molnupiraviri, iliyo ndani ya Lagevrio, zinaingia kwingine kabisa: kwenye mashine inayonakili jeni za kirusi.

Mwiba hubadilika upesi kwa sababu kinga za watu, za chanjo na za kuugua, zinausukuma kila siku. Kirusi chenye mwiba mgeni hupita pale ambapo wenzake wanakamatwa. Mkasi hausukumwi na kinga kwa namna hiyo. Isitoshe, unatakiwa kukata mnyororo ule mahali 11, kila mahali kwa usahihi, kwa hiyo kasoro kwenye kinywa chake humdhuru kirusi mwenyewe. Ndiyo maana Omicron iliyokuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba ilikuja na badiliko moja tu la kutambulika kwenye mkasi, liitwalo P132H, nalo liko mbali na kinywa. Vipimo vya maabara kwa vizazi vya Omicron, yaani BA.1, BA.2, BA.5, XBB na baadaye JN.1, vilionyesha nirmatrelviri, remdesiviri na molnupiraviri zote zikiendelea kukizuia kirusi kuzaana.

Usugu hata hivyo upo, na asiyeutaja hasemi kweli yote. Badiliko E166V kwenye mkasi hupunguza nguvu ya nirmatrelviri kwa makumi ya mara katika maabara. Ila mkasi wenye badiliko hilo hukata vibaya, na kirusi hudhoofika mpaka kipate badiliko la pili, kama L50F, la kukirudishia nguvu. Remdesiviri ina lake, E802D kwenye mashine ya kunakili, lililoonekana kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu aliyekuwa akitibiwa nayo. Ensitrelviri, kidonge cha Kijapani kinachouzwa kwa jina la Xocova, huziba mkasi ule ule kwa umbo tofauti, na badiliko M49L linaloisumbua linaiacha nirmatrelviri karibu salama. Kwa hiyo usugu kwa dawa moja si lazima uwe usugu kwa jamaa yake.

Wanaoijua historia ya ARV watauliza jambo la maana hapa. HIV ikipigwa na dawa moja hujenga usugu mapema, ndiyo sababu hupewa dawa tatu pamoja. Mbona korona inapigwa na nirmatrelviri peke yake? (Ritonaviri iliyo kwenye pakiti haiipigi korona. Tutaieleza.) Tofauti ni muda. HIV hukaa mwilini maisha yote ikizaana kila siku. Korona kwa mwenye kinga nzuri huondolewa ndani ya wiki chache, na mara nyingi mgonjwa anapoanza kidonge cha kwanza ameshawaambukiza aliokuwa atawaambukiza. Kirusi sugu kikizaliwa ndani yake siku ya nne ya dawa, hakipati njia ya kutokea.

Hesabu hiyo hubadilika kwa mtu ambaye kinga yake imeanguka. Afrika Kusini, katika jimbo la KwaZulu-Natal, kuliripotiwa mgonjwa mwenye HIV isiyodhibitiwa aliyekaa na kirusi cha korona mwilini siku 216, na ndani yake kirusi kikakusanya mabadiliko zaidi ya 30. Katika mwili wa namna hiyo dawa moja kwa siku 5 inaweza kukipunguza kirusi bila kukimaliza, na hapo ndipo usugu hupata nafasi. Kaunti za kando ya ziwa, Homa Bay, Kisumu na Siaya, ndizo zenye kiwango cha juu zaidi cha HIV nchini. Kwa hiyo kwetu kumrudisha mtu kwenye ARV zake na kuhakikisha wingi wa virusi vya HIV umeshuka ni sehemu ya kulinda dawa za korona. Mgonjwa wa CD4 (seli za kinga) za chini mwenye korona isiyoisha asitibiwe kwenye kemisti. Huyo ni wa daktari bingwa, ambaye anaweza kurefusha matibabu au kuunganisha dawa mbili.

Kitu kingine hubadilika na watu hukichanganya na usugu: faida ya dawa kwa mgonjwa wa kawaida. Utafiti mkubwa wa Paxlovid, uliochapishwa Februari 2022, ulifanywa kwa watu wasiochanjwa wenye hatari kubwa, wakati Delta, aina iliyotangulia Omicron, ndiyo iliyotawala. Kisumu inaikumbuka Delta. Ilitambuliwa hapa Mei 2021, na Juni mwaka huo serikali ikaziwekea kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na majirani zake kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Kidonge hiki hakikuwepo. Marekani ilikiidhinisha kwa dharura tarehe 22 Desemba 2021. Katika utafiti ule, kati ya kila watu 1,000 waliopewa vidonge visivyo na dawa, kama 63 walilazwa au kufa. Kati ya 1,000 waliopewa Paxlovid ndani ya siku 5 za dalili, ni kama 8. Maana yake ni kwamba ukiwatibu wagonjwa 18 wa namna hiyo, unamwokoa mmoja asilazwe.

Utafiti wa pili wa Pfizer, kampuni inayotengeneza Paxlovid, uliochapishwa 2024, ulichukua watu wasio na hatari kubwa pamoja na waliochanjwa. Dalili zilidumu siku 12 kwa waliopewa dawa na 13 kwa wasiopewa, tofauti isiyo na uzito. Dawa ni ile ile na mkasi ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba watu hao hawakuwa wakielekea wodini hata bila dawa. Ndiyo sababu tunasema wazi: kijana wa miaka 25 mwenye afya, mwenye mafua ya korona, hahitaji Paxlovid. Anayeihitaji ni mzee, mwenye sukari isiyotulia, ugonjwa wa moyo, mapafu au figo, selimundu, anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo, na mwenye HIV ambayo haijadhibitiwa.

Paxlovid

Hii ndiyo ya kwanza kwenye orodha yetu, na Shirika la Afya Duniani huipendekeza kwa nguvu kwa wenye hatari kubwa ya kulazwa. Pakiti kamili ina kadi 5, kadi moja kwa siku, kila kadi na upande wa asubuhi na upande wa jioni. Kila upande una vidonge 2 vya waridi vya nirmatrelviri vya miligramu 150, na kidonge 1 cheupe cha ritonaviri cha miligramu 100. Vyote vitatu humezwa pamoja, vizima bila kutafunwa wala kusagwa, kila baada ya saa 12, kwa chakula au bila chakula. Jumla ni vidonge 30. Zipo pia za kampuni nyingine zilizoruhusiwa kuitengeneza. Nirmacom ya kampuni ya Hetero ilipitishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2022. Kwa hizo usitegemee rangi. Soma majina na miligramu kwenye kadi.

Kosa tunaloliona kuwa baya kuliko yote ni kuuza au kumeza zile za waridi peke yake, kwa kuwa "ndizo zenye dawa". Ini huiondoa nirmatrelviri haraka mno. Kidonge cheupe kazi yake ni kukizuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4 ili nirmatrelviri ibaki kwenye damu kwa saa 12. Ukikiacha, kiwango cha dawa hushuka chini ya kinachohitajika, na kirusi kinabaki na dawa kidogo isiyokiua. Hayo ndiyo mazingira ambayo usugu huyapenda.

Ukisahau dozi na saa 8 hazijapita, meza ulipokumbuka. Zikipita, iache na uendelee na inayofuata kwa wakati wake. Usimeze mara mbili kufidia. Mdomo huwa mchungu, ladha kama ya sarafu, na wengine huharisha. Uchungu huo huisha dawa inapoisha, wala si dalili ya sumu, lakini huwafanya watu waache siku ya pili au ya tatu. Mgonjwa aambiwe mapema kabla hajaondoka dirishani.

Figo zinahitaji kuangaliwa. Mwenye kiwango cha uchujaji wa figo kati ya mililita 30 na 60 kwa dakika hupewa kidonge 1 cha waridi na 1 cheupe kila mara, badala ya 2 na 1. Mfamasia anapaswa kukitoa kidonge cha ziada kwenye kadi kabla ya kumkabidhi mgonjwa, si kumwambia tu kwa mdomo. Chini ya 30 kuna utaratibu mwingine ambao ni wa daktari. Watu wengi wenye sukari na presha hawajawahi kupimwa figo. Kipimo cha kreatinini hufanywa katika maabara nyingi za mjini, na kwa mwenye sukari ya miaka mingi tunaona kifanywe siku hiyo hiyo ya kuandikiwa dawa.

Sasa ile ini iliyofungwa mikono. Kwa kuwa ritonaviri huzuia CYP3A4, dawa nyingine zinazopita njia hiyo hurundikana mwilini. Na dawa zinazokichochea kimeng'enya hicho hufanya kinyume chake, huifuta Paxlovid yenyewe. Hapa ndipo Paxlovid inaposhindwa katika sehemu zetu, kuliko kwa E166V au badiliko lolote lile.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini asipewe Paxlovid. Rifampisini huisukuma ini kwa nguvu hivi kwamba nirmatrelviri haifikii kiwango. Kusimamisha rifampisini siku mbili hakusaidii, kwa sababu msukumo huo hubaki karibu wiki mbili, na unakuwa umevuruga matibabu ya kifua kikuu bure. Vivyo hivyo kwa dawa za kifafa: karbamazepini, fenitoini na fenobabitali. Mgonjwa wa kifafa mara nyingi haihesabu dawa yake kama "dawa" kwa kuwa ameimeza miaka yote. Aulizwe kwa jina.

Anayetumia TLD, kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, aendelee nacho kama kawaida. Hata aliye kwenye mchanganyiko wenye ritonaviri ndani yake, kama atazanaviri, haachi. Asiyejua hali yake ya HIV apimwe, kwa sababu ritonaviri ikimkuta mtu mwenye HIV asiyetibiwa inaweza kuipa HIV nafasi ya kuzoea dawa za kundi lake.

Presha ndiyo inayosahaulika. Amlodipini hupanda kwenye damu, na mgonjwa huhisi kizunguzungu anaposimama, au miguu kuvimba. Daktari anaweza kuipunguza kwa siku zile 5 na siku kama 3 za ziada, maana athari ya ritonaviri haiishi na kidonge cha mwisho. Mgonjwa asiiache mwenyewe. Simvastatini, ya kolesteroli, husimamishwa angalau saa 12 kabla ya kuanza, siku zote 5, na siku 5 baada ya kumaliza. Vinginevyo misuli inaweza kuharibika. Atovastatini nayo mara nyingi husimamishwa kwa muda. Wafarini na rivaroksabani za kuzuia damu kuganda zinahitaji daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Anayetumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye ethinili estradioli aongeze kondomu mpaka mzunguko unaofuata. Na kuna sildenafili, inayouzwa kwa siri kama dawa ya nguvu za kiume. Ikikutana na ritonaviri hupanda kiasi cha kuangusha presha. Mzee hatamtajia mhudumu kijana jambo hilo mbele ya foleni, kwa hiyo kemisti nzuri humpeleka pembeni na kumuuliza kwa heshima.

Kuhusu malaria: lumefantrini iliyo kwenye AL, dawa ya kawaida ya malaria, hupandishwa na ritonaviri, na ikizidi inaweza kugusa mapigo ya moyo. Malaria iliyothibitishwa haiachwi bila dawa, lakini mgonjwa huyo atibiwe mahali ambapo moyo wake unaweza kufuatiliwa, hasa kama tayari anatumia dawa nyingine za moyo. AL ya kubahatisha, iliyonunuliwa "ikiwa ni malaria", haina nafasi hapa.

Veklury

Hii ni dawa ya kuwekewa kwenye mshipa. Kabla ya korona ilijaribiwa kwa Ebola huko Kongo, ambako kingamwili ziliishinda. Kwa korona hadithi ni tofauti. Kwa mgonjwa asiyelazwa mwenye hatari kubwa, dripu za siku 3 mfululizo zikianza ndani ya siku 7 za dalili zilipunguza kulazwa au kifo kwa asilimia 87 katika utafiti uliochapishwa kati ya mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022. Siku ya kwanza ni miligramu 200, ya pili na ya tatu miligramu 100. Aliyelazwa hupewa siku 5, wakati mwingine hadi 10.

Chupa ina unga wa miligramu 100. Huongezwa mililita 19 za maji ya sindano, hutikiswa nusu dakika, na kuachwa dakika 2 au 3 mpaka iwe angavu kabisa. Yenye vipande au mawingu hutupwa. Kisha huchanganywa kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na kupitishwa kwa dakika 30 hadi 120. Ikipitishwa haraka huleta kichefuchefu na kutetemeka, kwa hiyo muuguzi asiharakishwe na foleni. Mgonjwa akae saa moja baada ya dripu kuisha. Ini lipimwe kabla ya kuanza, na mapigo ya moyo yaangaliwe kwa kuwa yanaweza kupungua. Isichanganywe na hidroksiklorokwini, inayopunguza nguvu yake.

Kwa uimara mbele ya aina mpya tunaiweka sawa na Paxlovid. Sehemu ya mashine inayolengwa na dawa hii haijabadilika sana tangu 2020. Tatizo lake ni safari. Siku tatu za kwenda na kurudi kutoka Nyando au Bondo hadi hospitali kubwa, mtu akiwa na homa na akikaa kwenye matatu na wengine, si jambo dogo. Kwa aliye karibu na hospitali ya Jaramogi, ile wenyeji wa Kisumu huiita Russia, au hospitali ya kaunti pale Nakuru, na anayetumia dawa za kifafa au simvastatini zisizopatana na Paxlovid, ni vyema amuulize daktari kuhusu Veklury kwanza. Mwenye rifampisini naye anaweza kufikiriwa, ingawa rifampisini inaweza kuipunguza, na uamuzi huo ni wa daktari.

Lagevrio

Vidonge 4 vya miligramu 200 kila baada ya saa 12 kwa siku 5, jumla 40, kuanzia ndani ya siku 5 za dalili. Haisumbuani na dawa nyingine, na hilo ndilo jambo lake kubwa. Mwenye rifampisini na karbamazepini kwa pamoja anaweza kuimeza. Januari 2022 kampuni 27 katika nchi 11, Kenya ikiwemo, zilipewa ruhusa ya kuitengeneza kwa ajili ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Lakini hii ndiyo tunayoipa alama ya chini, na sababu inahusiana moja kwa moja na swali la mabadiliko. Molnupiraviri haizuii mashine ya kunakili. Huilisha herufi ya bandia ili kila nakala iwe na makosa, mpaka kirusi kife kwa wingi wa makosa yake. Ikitumika kikamilifu, hufa. Kisipokufa, kinabaki na makosa mengi. Uchambuzi wa jeni za kirusi kutoka nchi nyingi, uliochapishwa 2023, ulikuta matawi yaliyoanza kuonekana 2022 yenye alama ya dawa hii, herufi G nyingi zikiwa zimegeuka A, hasa mahali ilipotumika sana, na mengine yakiwa yamepita kutoka mtu hadi mtu. Hakuna aina kubwa iliyozaliwa kwa njia hiyo. Hata hivyo, dawa ambayo kazi yake ni kuzalisha mabadiliko haifai kugawiwa ovyo.

Faida yake pia ni ndogo. Utafiti wa kwanza ulionyesha kulazwa au kufa kukishuka kutoka asilimia 9.7 hadi 6.8 kwa wasiochanjwa. Uingereza ilipoijaribu kwa watu zaidi ya 25,000 ambao wengi walikuwa wamechanjwa, kulazwa kulikuwa sawa pande zote mbili, chini kidogo ya asilimia 1, ingawa waliomeza walipona mapema kwa siku kama 4. Ulaya maombi ya kuiidhinisha yaliondolewa Juni 2023. Asipewe mjamzito wala aliye chini ya miaka 18. Mwanamke ajikinge asipate mimba wakati wa dawa na siku 4 baadaye, mwanamume miezi 3. Kipimo cha mimba kifanywe kabla, hata kama mgonjwa anasema hapana haja.

Siku za kuhesabu

Paxlovid na Lagevrio zina dirisha la siku 5, na siku huhesabiwa tangu dalili ya kwanza, siyo tangu kipimo. Mwendo wa kawaida katika eneo la malaria ni huu: Jumatatu koo na homa, mtu hununua dawa ya maumivu; Jumatano homa haijashuka, anameza AL bila kupimwa; Jumamosi kifua kinabana ndipo anafikiria korona. Ni siku ya sita. Dawa ambayo ingeshinda aina yoyote iliyopo imeshapitwa na wakati wake. Ngojangoja huumiza matumbo, na hapa huumiza mapafu.

Mwenye hatari kubwa apimwe vyote viwili siku ile ile, tone la damu kidoleni kwa malaria na pamba ya puani kwa korona. Kila kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa. Jambo la kuzingatia kando ya ziwa ni kwamba mtu mzima anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu bila kuwa ndivyo vinavyomuumiza siku hiyo. Malaria ikionekana haimaanishi korona haipo. Na kipimo cha korona kikionyesha hapana siku ya kwanza, kirudiwe baada ya saa 48, lakini ndani ya dirisha.

Usijaze pengo hilo kwa azithromaisini wala ivamektini. Hazikizuii kirusi, zimejaribiwa vya kutosha. Deksamethasoni ni ya anayehitaji oksijeni. Kwa aliye nyumbani anayepumua vizuri inaweza kumdhuru kwa kuipunguza kinga inayokipiga kirusi.

Unaponunua, hakikisha leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iko ukutani, kadi hazijakatwakatwa, tarehe haijapita, na majina mawili, nirmatrelviri na ritonaviri, yote yapo. Paxlovid huhifadhiwa chini ya nyuzi 25, wala isiwekwe kwenye friji. Alasiri ya Kisumu huvuka hapo kwa urahisi, hasa chini ya bati. Iweke chumba chenye kivuli, kwenye chombo kilichofunikwa watoto wasipofika, na isisafirishwe juu ya dashibodi.

Wengine hupata dalili tena siku 2 hadi 8 baada ya kumaliza, na kipimo kikaonyesha korona upya. Kurudi huko hutokea hata kwa wasiomeza dawa, na virusi vilivyochunguzwa kwa wagonjwa hao kwa kawaida havikuwa sugu. Mgonjwa ajitenge tena, avae barakoa, na asianze pakiti ya pili bila daktari. Kama kupumua kunakuwa kugumu, aende hospitali siku hiyo.

Kadi zilizobaki za aliyeacha katikati zirudishwe kemisti. Zisigawiwe jirani anayekohoa, kwa maana siku mbili za dawa hazimtibu, na hakuna aliyemuuliza kama anatumia rifampisini au amlodipini.